Bonge Juu ya Shashi

Kila daktari anayezibua mishipa ya moyo anaikumbuka mara ya kwanza. Umeingia na katheta ya kufyonza kupitia mshipa wa kifundo cha mkono, umeifikisha pale ateri ilipoziba, umevuta bomba la sindano na damu imekuja. Unaimimina kwenye kichujio juu ya shashi nyeupe. Damu inapita, kitu kinabaki: kipande chekundu chenye mkia, urefu wa punje mbili tatu za mchele zilizofuatana, pengine na weupe upande mmoja. Chumba kizima kinainama kutazama. Mgonjwa, ambaye muda wote huu yuko macho, anageuza kichwa: "Ndilo hilo, daktari?" Nawe unajibu kwa fahari ya mvuvi aliyepandisha nguru, "Ndilo hilo, mzee."

Kati ya mwaka 2008 na 2013 kitu hicho juu ya shashi kilitutosha. Nani angehitaji hoja nyingine? Ugonjwa ulikuwa bonge la damu, bonge limetoka, liko mbele yako, unaweza kulishika kwa koleo. Halafu wagonjwa karibu 18,000 wakagawanywa kwa kura katika majaribio mawili makubwa, na ikaonekana kwamba aliyefyonzwa bonge lake na ambaye hakufyonzwa wanakufa kwa kiwango kilekile. Nimekaa na habari hiyo miaka mingi sasa, na bado naona hatujaitafuna vya kutosha, hasa huku kwetu ambako vifaa vipya hutanguliwa na sifa zake.

Tuanze na kinachoziba. Moyo unalishwa na mishipa mikubwa mitatu, yenye upana wa milimita 3 au 4 hivi. Ndani ya ukuta wa mishipa hiyo gamba la mafuta hukua kimyakimya kwa miaka. Siku moja gamba linapasuka. Damu inakutana na mafuta yaliyokuwa yamefichwa, na inafanya ile kazi inayoifanya kwenye kidonda chochote: inaganda. Chembe sahani zinakimbilia hapo na kushikana, nyuzi za fibrini zinazisuka pamoja, chembe nyekundu zinanaswa ndani ya wavu, na kwa muda mfupi mshipa umejaa. Mwili umefanya kama fundi aliyeitwa kuziba tundu akaziba bomba zima. Misuli ya moyo iliyo mbele ya kizuizi hicho inaanza kufa, kutoka ndani kwenda nje, na baada ya saa chache sehemu kubwa haina cha kuokolewa.

Leo tunayasema haya bila kusita, lakini yalibishaniwa kwa muda mrefu. James Herrick wa Chicago aliandika mwaka 1912 kwamba mtu anaweza kuzibwa mshipa wa moyo na bonge asife papo hapo. Waliopasua maiti hawakukubaliana kuhusu maana ya bonge hilo. Katika baadhi ya mioyo walilikuta, katika mingine hawakulikuta, na wapo walioshikilia kwamba bonge huja baadaye, moyo ukiwa umeshakufa. Mwaka 1980 Marcus DeWood na wenzake wa Spokane, Marekani, walichapisha matokeo ya jambo ambalo wengi waliliona hatari: kupiga picha ya mishipa wakati shambulio la moyo linaendelea. Kwa waliopimwa ndani ya saa 4 za mwanzo, mshipa ulikuwa umeziba kabisa kwa asilimia 87 ya wagonjwa. Kwa waliopimwa kati ya saa 12 na 24, ni asilimia 65. Bonge lilikuwepo tangu mwanzo, ila kwa baadhi ya watu lilikuwa linayeyuka lenyewe kadiri saa zilivyopita. Maiti ilikuwa shahidi aliyefika kwa kuchelewa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1986 jaribio la Italia lililoitwa GISSI, lenye wagonjwa zaidi ya 11,000, lilionyesha kwamba dawa ya streptokinezi, inayoyeyusha damu iliyoganda, inaokoa maisha. Mwaka 1988 likaja ISIS-2, wagonjwa 17,187, ambalo mimi hulitaja kwa wanafunzi kila ninapopata nafasi: aspirini peke yake, dawa ya senti chache, ilipunguza vifo vya mishipa na moyo kwa asilimia 23. Aspirini pamoja na streptokinezi, asilimia 42. Wakati huohuo puto, ambalo Andreas Grüntzig alilitumia kwa mara ya kwanza kupanua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho huko Zürich mwaka 1977, lilikuwa linaingia kwenye matibabu ya dharura. Kufikia mwaka 2003, Ellen Keeley na Cindy Grines walipojumlisha majaribio 23, puto na stenti, yaani wavu wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa, vilikuwa vimeishinda dawa ya kuyeyusha: vifo vya muda mfupi asilimia 7 dhidi ya 9, na viharusi vichache zaidi.

Puto lilishinda, lakini lilikuja na aibu yake. Unafungua mshipa, picha inatoka safi kama barabara ya lami iliyofunguliwa jana, lakini mgonjwa bado anaumwa kifua na mistari ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, haishuki. Damu inafika mlangoni haiingii ndani. Aliyewahi kuzibua mfereji wa kumwagilia migomba anajua kilichotokea. Ukisukuma tope kwa nguvu, maji yanapita hapo uliposimama, na tope linakwenda kuziba vijimfereji vya chini ambako jembe lako halifiki. Puto linapolipasua bonge, na stenti inapolikandamiza ukutani, vipande vinateremka na damu hadi kwenye mishipa midogo isiyoonekana hata kwenye picha.

Madaktari wana namna mbili za kulipima tatizo hili. Moja ni kuangalia mistari ya ECG inashuka kwa kiasi gani baada ya saa moja. Nyingine ni kutazama kivuli cha dawa ya picha kinavyoenea ndani ya misuli yenyewe, kisha kukipa alama kuanzia 0 hadi 3. Alama ya 0 au 1 maana yake mshipa umefunguka lakini misuli haijanywa. Tafadhali ishike alama hiyo kichwani, tutairudia.

Wazo la kufyonza lilizaliwa hapo, na siwezi kumlaumu aliyelizaa. Kama tatizo ni vipande vinavyoteremka, vitoe kabla hujavivunja. Chombo chenyewe ni chepesi ajabu kwa kitu kilichozua mabishano makubwa namna hii: mrija mwembamba wenye matundu mawili, moja dogo la kupitishia waya, jingine kubwa la kufyonzea, na nyuma yake bomba la sindano lenye kufuli linaloshikilia mvuto ukiliachia. Hakuna umeme, hakuna injini. Unaanza kuvuta ukiwa bado hujafika kwenye bonge, unasogea polepole, unapita, unarudi. Damu ikikoma kuja, ujue bonge limekaa mdomoni mwa mrija. Hapo ndipo adabu ya kazi inapohitajika, kwa sababu ni lazima utoke na mvuto uleule bila kuuachia hata kidogo, kisha uiache katheta kubwa ya nje ivuje damu kabla hujaingiza chochote. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Onyo la kwanza lilikwishatolewa, ila wachache walilisikiliza. Mwaka 2005 jaribio la EMERALD, wagonjwa 501, lilitumia puto la kuziba mshipa upande wa chini ili takataka zisiteremke, kisha zikanyonywa. Takataka zilipatikana kwa asilimia 73 ya wagonjwa. Kidonda cha moyo hakikupungua. Mwaka uliofuata, jaribio la AIMI la wagonjwa 480 lilitumia mashine inayovunja bonge kwa mkondo wa maji na kulivuta. Waliotibiwa kwa mashine walikuwa na vidonda vikubwa zaidi, na vifo vyao vilikuwa vingi kuliko vya wenzao. Wapenzi wa kufyonza walikuwa na jibu: vyombo vile ni vigumu na vizito, vinapoteza muda. Chetu ni mrija tu.

Kisha Groningen, Uholanzi, ikaleta TAPAS. Mwaka 2008 Tone Svilaas, Felix Zijlstra na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,071 wa hospitali moja. Nusu yao walifyonzwa kwanza, nusu walianza na puto kama kawaida. Ile alama mbaya ya 0 au 1 ilikuwa asilimia 17.1 kwa waliofyonzwa na 26.3 kwa wengine. ECG ilishuka vizuri zaidi. Na baadaye mwaka huohuo yakatoka matokeo ya mwaka mzima: waliokufa kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 4.7 kati ya waliofyonzwa, na 7.6 kati ya wasiofyonzwa.

Nisimame kidogo kwenye tarakimu hizo, maana hapo ndipo tulipoteleza. Asilimia 4.7 ya watu 535 ni watu 25. Asilimia 7.6 ya watu 536 ni watu 41. Tofauti iliyobadilisha tabia ya madaktari duniani kote ni watu 16, katika hospitali moja, katika jaribio ambalo halikupangwa kupima vifo. Wenyewe watafiti walikuwa waungwana: walipanga kupima alama ya kivuli, wakaipima, wakasema walichokiona. Sisi wasomaji ndio tuliorukia mwisho wa hadithi. Miongozo ya Marekani ya 2011 na ya Ulaya ya 2012 ikaandika kwamba kufyonza kufikiriwe kama jambo la kawaida. Mauzo ya katheta yakapanda. Daktari ambaye hakufyonza alianza kuonekana wa zamani.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima yeyote ataongeza kwamba ameshayaona mawingu mengi yakimpita. Alama ya kivuli ni mawingu. Mstari wa ECG ni mawingu. Hata bonge juu ya shashi ni mawingu, tena mazito, meusi, yaliyoshuka. Mvua ni mgonjwa kuwa hai mwakani, anatembea, hajapooza.

Waliokwenda kuitafuta mvua ni Waskandinavia, na namna walivyofanya inanivutia kuliko hata matokeo yenyewe. Sweden ina rejesta ya kitaifa inayoandika kila mtu anayepimwa au kuzibuliwa mishipa ya moyo. Daktari huijaza akiwa kazini, mgonjwa akiwa mezani au ametoka tu. Ole Fröbert wa Örebro na wenzake waliuliza swali dogo: kama fomu iko mbele yetu tayari, na kila raia ana namba yake ya utambulisho, kwa nini tusipige kura humohumo? Daktari anathibitisha kwamba mgonjwa anafaa na ameridhia kwa mdomo, anabonyeza, kompyuta inamwambia fyonza au usifyonze. Ufuatiliaji haukuhitaji kumtafuta mtu kijijini, maana rejesta ya vifo ya taifa inajua nani yuko hai. Jaribio liliitwa TASTE. Tangu katikati ya 2010 hadi mapema 2013 lilikusanya wagonjwa 7,244 wa Sweden, Iceland na Denmark, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Gharama ya nyongeza ilitajwa kuwa takriban dola 300,000. Kwa majaribio ya ukubwa huo, ambayo huhesabiwa kwa mamilioni, hiyo ni nauli ya daladala.

Matokeo: waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 2.8 kati ya waliofyonzwa, na 3.0 kati ya wasiofyonzwa. Baada ya mwaka, 5.3 na 5.6. Tofauti ndogo hivyo huletwa na bahati tu.

Wabishi hawakukata tamaa. Walisema TASTE iliwaacha nje wagonjwa wabaya zaidi, ambao madaktari hawakutaka kuwapigia kura, na kwamba vifo vilikuwa vichache mno. Hoja hizo hazikuwa za kijinga. Ndipo mwaka 2015 Sanjit Jolly wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, akaja na TOTAL: wagonjwa 10,732 katika nchi 20. Kifo cha moyo, shambulio jipya, moyo kushindwa kabisa au mshtuko wa mzunguko wa damu, vyote vikijumlishwa ndani ya siku 180, vilikuwa asilimia 6.9 kwa waliofyonzwa na 7.0 kwa wengine.

Jambo linalonifanya niirudie TOTAL kila mara ni hili: mawingu yalikuwepo. ECG ilishuka vizuri zaidi kwa waliofyonzwa. Vipande vilivyoonekana vikiteremka kwenye picha vilikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 3.0, karibu nusu. Yaani TAPAS haikudanganya. Kufyonza kunafanya kile kinachosemekana kufanya. Ila mvua haikunyesha.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitarajia sana. Ndani ya siku 30, waliopata kiharusi katika kundi la kufyonza walikuwa 33. Katika kundi jingine, 16. Ni watu wachache kati ya elfu tano na kitu kwa kila upande, asilimia 0.7 na 0.3, lakini fikiria mwenyewe: umemtoa mtu bonge moyoni na kumpeleka nyumbani hawezi kusema jina la mkewe. Njia yake si vigumu kuiona. Bonge likiwa mdomoni mwa mrija halijashikiliwa na kitu isipokuwa mvuto. Mvuto ukilegea wakati wa kutoka, linaanguka ndani ya katheta kubwa au kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Likibaki kwenye katheta, mara utakapoingiza dawa ya picha utalipiga nje mwenyewe. Kutoka hapo, mishipa ya kwenda kichwani haiko mbali. Ndiyo maana ya ile adabu niliyoitaja, ya kutoka ukivuta na kuiacha katheta ivuje kwanza. Siwezi kusema kwamba kila kiharusi kati ya vile 33 kilitokea hivyo. Lakini tangu siku nilipoyasoma matokeo hayo sijaiacha katheta bila kuivujisha.

Sasa swali la mgonjwa, ambalo pia ni la mwanafunzi: kama bonge ndilo ugonjwa, inawezekanaje kulitoa kusisaidie?

Jibu la kwanza ni la saa. Mtu anafika saa tatu, nne, sita tangu maumivu yaanze. Misuli iliyokufa imeshakufa, na vipande vingi vya mwanzo vimeshateremka vyenyewe kabla hata hajapanda gari. Mishipa midogo yenyewe imevimba kwa kukosa damu, imejikunja, imejaa chembe nyeupe. Huko chini hakuna kitu cha kufyonza.

La pili ni la umri wa bonge. Saskia Rittersma na wenzake wa Amsterdam walichunguza kwa darubini mabonge waliyoyatoa kwa wagonjwa 211, wakayachapisha mwaka 2005. Kwa karibu nusu tu yao bonge lilikuwa bichi, la siku hiyo. Kwa waliobaki kulikuwa na tabaka za siku kadhaa au hata wiki. Shambulio tunalodhani limeanza alfajiri lilikuwa linajengwa tangu wiki iliyopita, tabaka juu ya tabaka, na tabaka kuukuu limeshika ukuta. Mrija unachukua la juu lililo laini.

La tatu ndilo linalonichekesha kidogo. Ndani ya TOTAL walichaguliwa wagonjwa 214 wakapigwa picha kwa mwanga kutoka ndani ya mshipa, picha inayoonyesha ukuta wake kwa undani wa ajabu, kabla tu ya kuwekewa stenti. Bonge lililobaki lilikuwa limechukua asilimia 2.36 ya nafasi kwa waliofyonzwa, na 2.88 kwa wasiofyonzwa. Hakuna tofauti ya maana. Kumbe waya wenyewe, puto dogo, dawa za kuzuia damu kuganda na mkondo wa damu uliorudi vilikuwa vimefanya kazi ileile ambayo sisi tuliisifia katheta. Kile kipande juu ya shashi kilikuwa halisi. Ila hatukuwahi kuona kilichokuwa kinaondoka kwa wale ambao hatukuwafyonza, kwa sababu hakuna shashi ya kukionyesha.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja ubongo, na atakuwa na haki. Mwaka uleule wa 2015, mwanzoni kabisa, Waholanzi walichapisha MR CLEAN, wagonjwa 500 wa kiharusi, ikaonekana kwamba kulivuta bonge kutoka kwenye mshipa mkubwa wa ubongo kunawarudisha watu wengi zaidi kwenye maisha ya kujitegemea. Majaribio mengine yakafuata upesi yakasema vilevile. Bonge ni bonge, kwa nini huku lishindwe? Lakini tazama waliolinganishwa. Katika ubongo, ambaye hakuvutwa bonge alibaki na dawa tu, na mara nyingi mshipa ulibaki umeziba. Katika moyo, ambaye hakufyonzwa alifunguliwa mshipa kwa puto na stenti dakika ileile. Swali la ubongo lilikuwa kufungua au kutofungua. La moyo lilikuwa kufungua kwa hatua moja au kwa mbili. Tena bonge la ubongo mara nyingi limesafiri kutoka kwingine, limekwama kwenye mshipa mzima. La moyo limeota juu ya gamba lililopasuka, na usipolishughulikia gamba hujafanya kitu.

Mwaka 2017 Jolly na wenzake waliziunganisha TAPAS, TASTE na TOTAL, mgonjwa kwa mgonjwa, watu 18,306. Kwa jumla hakukuwa na faida ya kutegemewa. Walipowachambua wale wenye mabonge makubwa peke yao, vifo vya moyo vilikuwa asilimia 2.5 kwa waliofyonzwa dhidi ya 3.1, na kiharusi, pamoja na kile cha kupita, 0.9 dhidi ya 0.5. Kuna wenzangu wanaosoma hapo ruhusa. Mimi nasoma biashara ya kubadilishana, kifo huku na kiharusi kule, katika kundi lililochaguliwa baada ya mchezo kuisha. Ni swali zuri kwa jaribio jipya. Si jibu.

Miongozo nayo ilishageuka: Marekani mwaka 2015 na Ulaya mwaka 2017 waliandika kwamba kufyonza kama utaratibu wa kila mgonjwa kusifanywe. Miaka 5 tu ilitosha kwa Ulaya kutoka kwenye "fikiria" hadi kwenye "usifanye". Kilichobaki ni matumizi ya kuokolea jahazi, yaani puto limeshapita na mshipa bado umejaa bonge, damu haisogei. Katika TOTAL hilo liliwatokea wagonjwa 7 kati ya 100 wa kundi lisilofyonzwa, na madaktari wakaishia kufyonza. Sina ugomvi nao. Ningefanya vilevile, na nimefanya.

Huku kwetu mazungumzo haya yana ladha tofauti. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Nairobi kuna hospitali kadhaa zenye maabara za katheta. Lakini mtu aliyeshikwa na kifua Songea yuko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na miongozo inataka waya upite kwenye bonge ndani ya dakika 120 tangu kipimo cha ECG kithibitishe. Kwake yeye, swali la kufyonza au kutofyonza ni la kupanga mapazia kabla nyumba haijapauliwa. Kuna utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania, ambako watafiti waliwapima kwa utaratibu watu waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo, na wengi hawakuwa wametambuliwa hivyo na waliowahudumia. Ndani ya siku 30, zaidi ya theluthi moja ya wenye shambulio walikuwa wamefariki. Si haki kuliweka jambo hilo sambamba na asilimia 3 ya Sweden, maana waliofika mezani Sweden walikuwa wameshachujwa, na huku walihesabiwa wote waliokuja mlangoni. Hata hivyo pengo hilo halizibwi na mrija wowote.

Linaloweza kufanyika Songea linajulikana. ECG ndani ya dakika 10 za kufika. Aspirini itafunwe palepale. Dawa ya kuyeyusha, kama ipo na hakuna kizuizi, kisha safari. Jaribio la STREAM la 2013, wagonjwa 1,892 waliofika mapema lakini hawakuweza kupata puto ndani ya saa moja, lilionyesha kwamba waliopewa dawa kwanza wakasafirishwa hawakufanya vibaya kuliko waliosubiri puto, ingawa waliovuja damu kichwani walikuwa wengi kidogo kuliko wenzao. Ni teknolojia ya miaka ya themanini iliyoboreshwa. Haina picha ya kupeleka kwenye mkutano.

Familia ndizo ninazopata shida kuzieleza. Juzi nilitoka kumzibua mzee mmoja, mshipa wa mbele, stenti moja, kila kitu kimekwenda vizuri. Kijana wake alikuwa mlangoni. "Daktari, mmelitoa?" Nikamwambia hapana, hatukulitoa. Uso ukamshuka. "Kwa hiyo bado liko ndani?" Nikamchorea kwenye karatasi ya dawa: mshipa, stenti, na bonge lililobanwa nyuma ya nyavu za chuma, kando ya ukuta, likisubiri kuyeyushwa na damu ya baba yake mwenyewe pamoja na vidonge viwili atakavyokunywa kila siku. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuondoka nayo, amwonyeshe mama.

Katheta ya kufyonza iliyokuwa kwenye kabati letu tarehe yake ilipita Machi. Nimeagiza mbili.